Mchezo wa Kwanza

Jirani yangu anaendesha maisha kwa kucheza pool mezani. Hupuliza chaki kwenye ncha ya fimbo, hukohoa kidogo, halafu mchezo wa kwanza hushindwa makusudi. Mpira mweusi, ule wa kumalizia mchezo, huuacha mdomoni mwa shimo, akajishika kichwa, akasema kwa sauti ya mgonjwa, "Leo mkono umegoma, kaka." Mgeni anayecheza naye huingia mkenge, akapandisha dau, na michezo inayofuata ndiyo inayomlipia jirani kodi ya nyumba.

Ilipokuja ligi mpya ya kulipwa, nilitamani kujua kama mbangaizaji huyu angetulia. "Yaani mshahara unaingia hata nikishindwa?" aliniuliza, macho yamemtoka. Mkewe akampigia shati pasi, nami nikamsindikiza kwenye majaribio: mchezo mmoja tu, mshindi anasajiliwa. Akapuliza chaki, akakohoa, akaifagia meza mpaka ukabaki mpira mweusi peke yake. Akaupiga. Ukaenda, ukasimama mdomoni mwa shimo. Akajishika kichwa. "Leo mkono umegoma, ka…" akaanza, kisha akautazama ule mkono kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana.