Mazimwi Watatu, Bafu Moja

Jumamosi, nilipokuwa nikisubiri zamu yangu katika saluni moja ya Hillbrow, mtaa wa wahamiaji, televisheni ilionyesha filamu kuukuu ya Ulaya: mnyonya damu, mtu anayegeuka mbwa mwitu na maiti aliyeviringishwa sanda, wote ndani ya ngome moja. Mteja Mrundi, kichwa nusu kimesukwa, akafumba macho.

"Dada, zima! Nitaota."

Msusi Mkongomani akaelekeza kitana kwenye skrini. "Mama, unaogopa nini? Ni wapangaji wa ngome moja, na kila mmoja anajiona mwenye nyumba."

Mteja akafumbua jicho moja. "Bafu wanalo moja?"

"Moja tu."

"Eish, maskini!" Akatulia kitini, akatazama mpaka mwisho.

Mimi, ninayeishi nyuma ya pazia la tatu katika fleti ya watu wanane na bafu moja, nilimhurumia yule wa sanda. Akimaliza kuivua sanda, maji ya moto yameshaisha.