Jina Lililobaki Jeshini

Mjomba wangu alikataa kukatwa mguu kabla haujaonwa na wahusika. Daktari wa hospitali alimweleza kwa utulivu, mimi nikiwepo, kwamba mfupa umeoza chini ya goti. Ukikatwa mapema goti litabaki, na mwenye goti hutembea na mguu wa bandia kwa urahisi kuliko asiye nalo. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Mkishaukata, mnaupeleka wapi?"

Daktari akasema ndugu wanaweza kuuchukua wakauzike, na wasipoutaka hospitali inauteketeza.

"Basi mimi nitawaonyesha nini?" akasema mjomba, na akaniomba nimpe fimbo yake.

Mguu ule uliumia katika vita vya Kagera, akiwa kijana, gari lao lilipokanyaga bomu lililotegwa barabarani. Jeshi lilimtibu, likamrudisha kikosini, na baada ya miaka michache akaachishwa. Alirudi kijijini kwetu, upande ambako mto Ruvuma unaingia baharini, akapanda mikorosho. Hakudai chochote kwa sababu aliamini amepona. Kidonda kilikuwa kikifunguka wakati wa masika na kufunga kiangazi, naye alikizoea kama mtu anavyozoea paa linalovuja sehemu ileile. Kisha ukaja mwaka ambao kiangazi kilipita na kidonda hakikufunga.

Alichokuwa anadai sasa ni malipo ya ulemavu alioupata kazini, pamoja na mguu wa bandia. Taratibu zilikuwa wazi, nilizisoma mwenyewe zaidi ya mara moja. Jopo la madaktari linatakiwa kuliona jeraha na kulilinganisha na kumbukumbu za jeshi. Kigutu hakisemi kilikatwa kwa nini. Kisukari nacho hukata miguu, na wazee wengi wa Mtwara wana kisukari. Kwa hiyo hoja ya mjomba haikuwa ya kijinga. Ushahidi wake wote ulikuwa umefungwa bendeji, na kila wiki ulikuwa unaoza kidogo zaidi.

Mimi ni fundi wa mizani. Msimu wa korosho hunikuta kwenye maghala ya vyama vya ushirika, na msimu ukiisha napata nafasi ya kusoma. Shule niliishia darasa la saba, lakini kanuni na sheria nazisoma kama wengine wanavyosoma habari za mpira. Halafu, kwetu mpwa ni mtu wa mjomba wake kuliko hata watoto aliowazaa. Ukoo haukukaa kikao kuamua nani afuatilie. Mama yangu aliniambia tu, "Mjomba wako ana safari za ofisini," nami nikaelewa safari hizo ni zangu.

Karani aliyetupokea mjini, katika ofisi ya madai ya askari wa zamani, alikuwa kijana kutoka mikoa ya kaskazini, mpole, mwenye tai ndogo ya Jumapili aliyoivaa siku zote. Alimwamkia mjomba shikamoo kabla mjomba hajaketi. Alichukua namba ya jeshi ambayo mjomba aliitaja bila kusita, akaandikia makao makuu kuomba jalada. Tulisubiri muda mrefu. Siku niliyoitwa, nilikwenda peke yangu, kwa kuwa mjomba alikuwa hawezi tena kupanda bodaboda. Karani aliligeuza jalada nilisome mwenyewe.

Namba ilikuwa yake. Kikosi kilikuwa chake. Mguu ulikuwa wa kushoto, na maelezo ya bomu yalikuwa yaleyale aliyotusimulia tangu tukiwa wadogo. Jina lilikuwa la mtu nisiyemjua.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Ndiyo nakuuliza wewe, kaka."

"Labda walikosea kuandika."

"Wangekosea herufi. Hili ni jina jingine kabisa." Akashusha sauti. "Wapo watu wanaookota namba ya marehemu wakaja kudai. Sisemi mzee wako ni mmoja wao. Mimi namwamini. Ila jopo siwezi kulipelekea majina mawili nikawaambia namwamini."

Nilirudi kijijini nikiwa nimelikariri jina lile. Mjomba alikuwa barazani, mguu juu ya kigoda, mkewe akimenya mihogo, na jirani mmoja amekuja kuomba bomba la kupulizia mikorosho. Niliwaamkia, nikaketi, nikauliza kwa sauti ya kawaida, "Mjomba, fulani ni nani?" Nikalitaja.

Mke wa mjomba aliacha kumenya. Jirani aliinama akaanza kuangalia bomba kana kwamba ameona tundu. Mjomba hakuniangalia. Aliichukua fimbo yake, akainuka kwa shida, akaingia ndani na kufunga mlango.

Mama ndiye aliyenifafanulia jioni ile, na kwanza alinikemea. Mimi nilitahiriwa hospitalini mjini, wiki moja nikapona, nikabaki na jina langu lilelile. Wakati wa mjomba haikuwa hivyo. Mvulana aliingia jandoni na jina la utoto, akatoka na jingine, na lile la kwanza lilikwisha siku hiyo. Kumwita mtu mzima kwa jina hilo ni kumwita msungo, mtu ambaye hajatahiriwa, mbele ya mkewe. Na la mjomba lilikuwa zito zaidi. Alizaliwa baada ya watoto waliokufa, wakampa jina la Kimakonde lenye maana ya kitu kilichotupwa, ili kifo kisimtamani. Mtu yeyote wa kwetu akilisikia anajua ni la mtoto, na mtoto wa namna gani.

"Na jeshini lilifikaje?" nikauliza.

"Mwalimu alimwandika shuleni kabla ya jando. Nani angekwenda kumwambia mwalimu afute? Cheti kikatoka hivyo, na jeshini akaingia na cheti."

Siku chache baadaye mjomba alikubali kuzungumza nami, akitazama pembeni. Nilimuuliza aliwezaje kuitwa vile miaka yote ya jeshi.

"Kule walikuwa Wasukuma, Wahehe, Wachaga," akasema. "Hakuna aliyejua ni la mtoto. Walinitukana kila asubuhi kwenye gwaride bila wao kujua. Nikitoka likizo naliacha getini."

Nilimweleza dawa yake. Ni hati ya kiapo tu. Anakwenda mahakamani na shahidi anayemfahamu kwa majina yote mawili, wanaapa, hakimu anagonga muhuri, karani anaendelea. Nilimweleza taratibu na hatua zake. Alisikiliza kama alivyomsikiliza daktari.

"Shahidi gani atanitaja hivyo mbele ya hakimu?"

"Mama."

"Dada yangu?" Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Wewe mpwa wangu umesoma sana."

Hazikuwa pongezi. Niliondoka, na harufu ya bendeji ikanifuata mpaka njiani. Daktari alikuwa amesema tusipitishe mwezi, nao ulikuwa umepita.

Aliyetuokoa alikuja kwa miguu yake, bila kuitwa. Alikuwa mzee wa Kimakua, kuli wa zamani wa bandarini aliyepakia korosho melini mpaka mgongo ukakataa. Ukoo wake na wetu ni watani, na utani wao ni ule wa zamani, wa kuchukuliana kuku bila kuomba. Alikuwa amesikia kwamba mtani wake ni mgonjwa. Alilitaja jina lile la utoto tangu barabarani, kwa sauti ya kuuza samaki.

"We mtoto! Upo? Nimefuata harufu. Nilidhani mmeanika pweza."

"Umekuja kula," mjomba akajibu kutoka ndani. "Kwako hakuna moto tangu juzi."

"Nimekuja kuona utakufa lini, nijue koti lile la jeshi nalichukua wiki gani."

Mjomba alitoka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akicheka tangu nilipotoka mjini na jalada. Nilikaa pale nikashangaa. Nimekwisha sema nasoma kanuni. Hii ilikuwa kanuni pia, na mimi mwenyeji nilikuwa sijaifikiria. Jina ambalo mkewe, dada yake na mimi hatukuruhusiwa kulitamka, mtani aliruhusiwa, na mjomba hakuruhusiwa kukasirika.

Nilimweleza yule mzee shida yetu. Hakungoja nimalize.

"Yaani unaoza kwa sababu ya jina? Mimi nakuita kila tukionana, mbona hujafa?"

"Wewe mtani."

"Ndiyo. Nitalisema mimi. Kazi yako wewe ni kukaa kimya na kuonewa, kama siku zote."

Tulikodi bajaji. Hakimu wa mahakama ya mwanzo alikuwa mama wa makamo aliyevaa miwani shingoni. Mtani aliapa kwa Msahafu, akatoa kofia, akairudisha.

"Unamfahamu huyu mzee kwa majina yote mawili?" hakimu akauliza.

"Mheshimiwa, hili la sasa nimelizoea tu. Lile la kwanza nilikuwepo likitupwa. Sisi watoto wa vijiji vya jirani tuliingia jando moja. Huyu alilia kuliko wote."

"Mwongo," mjomba akasema.

"Mzee, subiri zamu yako."

"Mheshimiwa, huyu ni mtani wangu."

"Utani naujua. Hapa nataka kujua kama ni shahidi." Akamgeukia mtani. "Litaje hilo jina."

Mtani akalitaja. Ndani ya chumba kile lilisikika dogo, jina kama majina mengine. Karani wa mahakama aliuliza linavyoandikwa, naye akalirudia polepole, silabi kwa silabi, akiifurahia kila moja.

"Mzee," hakimu akamwambia mjomba, "aliyoyasema huyu ni kweli?"

"La jina ni kweli. La kulia si kweli. Aliyelia ni yeye."

Hakimu aliinama kuandika, na nina hakika alikuwa anaficha kicheko. Muhuri ukagongwa. Mjomba alikuwa amekiri kila kitu bila kulitamka jina hata mara moja.

Nilidhani shida imekwisha. Siku ya jopo tulifika hospitali mapema, mtani akiwa nasi kwa sababu, alivyosema, koti lile lazima alilinde. Ukumbi wa kusubiria ulijaa: wastaafu wa jeshi, wake zao, na watu wa kawaida waliokuja kliniki, wengi wao wa vijiji vya kwetu. Mjomba aliwafahamu kadhaa. Yule karani mpole ndiye aliyekuwa anaita, na aliita kwa kufuata majalada. Alisimama mlangoni na tai yake, akalitaja kwa sauti safi ya mtu asiyejua anachokisema jina lile lenye maana ya kitu kilichotupwa.

Ukumbi ukanyamaza. Mama mmoja aliziba mdomo kwa ncha ya kanga. Wanaume wa umri wa mjomba walitazama sakafu, kwa heshima, wakimsubiri mwenye bahati mbaya ajulikane. Mjomba hakusogea. Karani akaita tena, akatazama saa, na kidole chake kikaanza kulivuta jalada lililofuata. Nilitaka kuinuka kumjibia. Mjomba alinikamata mkono kwa nguvu nisiyoitarajia.

Hapo mtani akapiga kofi paja lake.

"We mtoto!" akapayuka. "Husikii unaitwa? Au tukuitie mama yako?"

Kicheko kilianzia nyuma, kwa mtu aliyewatambua wawili hao, kikasambaa ukumbi mzima. Jina lile halikuwa tena tusi. Walikuwa wazee wawili watani, jambo ambalo kila mtu pale alilijua na kulipenda. Mjomba aliniachia mkono. Alijishikilia kwenye fimbo, akasimama wima kadiri mguu ulivyomruhusu.

"Nipo, afande," akasema.

Karani, ambaye hakuwa afande wa mtu yeyote, alimshika kiwiko akamwingiza.

Jopo liliuona mguu. Walifungua bendeji, wakasoma jalada, wakapapasa makovu ya vyuma, wakaandika kwamba jeraha ni lilelile. Wiki iliyofuata ulikatwa. Daktari hakutulaumu. Alisema tu kwamba goti alilolizungumzia siku ile haikuwezekana kuliokoa. Tuliuchukua mguu tukauzika nyuma ya nyumba, na mjomba hakutaka kuonyeshwa mahali.

Malipo yalikubaliwa, mguu wa bandia ulikuja baadaye, mrefu, wa kuanzia pajani. Anautumia kwenda msikitini na kuuvua akirudi. Karatasi zote za malipo zina majina mawili, yenye maneno "anayejulikana pia kwa jina la" katikati yake. Mkewe anaziweka kabatini zikiwa zimekunjwa, maandishi ndani.

Mtani bado anakuja. Juzi nilikuwepo. Alibisha hodi, akaomba chai, akalalamika kwamba ni nyepesi, akamwita mjomba mchoyo na kigogo. Lile jina hakulitaja. Mjomba alisubiri mpaka kikombe cha pili.

"Umesahau ninavyoitwa?"

"Ah," mtani akasema, akitazama ndani ya kikombe. "Lile sasa ni la serikali. Kila mtu analo. Nikikuita hivyo utadhani nakuletea hundi."

Mjomba alimwongezea chai bila kuombwa. Kisha wakarudia kubishana, nani alilia.