Mizani, mikono inayopima wagonjwa mahututi

Saa moja asubuhi, Mizani anavua viatu mlangoni mwa wodi ya wagonjwa mahututi. Anainama kitandani, anampakata mgonjwa taratibu kama mtoto aliyelala, kisha anapanda naye kwenye mzani wa kusimamia. Nesi yuko nyuma yake na mtungi wa oksijeni.

Nesi anasoma namba, anatoa uzito wa Mizani, na zinazobaki ndizo kilo za mgonjwa.

Mzani wa kitanda, unaompima mgonjwa akiwa amelala, uliharibika zamani. Ndiyo maana mbeba wagonjwa huyu hana jina lingine hapa. "Hata mke wangu ananiita hivyo," anasema. "Nikichelewa nyumbani ananiuliza, 'Haya Mizani, leo umempakata nani?'"

Kilo hizo si mchezo. Ndizo zinazoamua kipimo cha dawa ya kingamwili, yaani protini za kinga zinazotengenezwa maabara kwa ajili ya watu waliozidiwa na maambukizi.

"Maambukizi yakiwa makali, kinga ya mwili nayo inapandwa na hasira, inaanza kuunguza mapafu ya mwenyewe," anaeleza daktari wa wodi. "Dawa hii inazuia ile ishara inayoichochea. Lakini ukiituliza kinga ovyo, vijidudu navyo vinapata mwanya. Haitolewi kwa kukisia."

Asubuhi hii imebaki chupa moja, inayomtosha mtu wa kilo hamsini. Wanaoihitaji ni wawili. Wa kwanza kwa zamu ni mwanamke mwenye nimonia kali: dada mkubwa wa Mizani, ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Wa pili ni fundi cherehani wa kilo arobaini na nane. Mkewe amekaa kwenye benchi la korido, ameshika kandambili za mumewe.

"Leo naomba dada yangu awe amekonda," Mizani ananong'ona. "Umewahi kusikia dua kama hiyo?"

Anambeba. Mzani unaonyesha mia moja ishirini na moja. Nesi anatazama ukutani, palipoandikwa kwa kalamu nyekundu: MIZANI 72.

"Arobaini na tisa! Mungu mkubwa. Dada anapata."

Mizani hasogei. Dada amemwegemea kifuani, anahema kwa shida. Mwandishi wa habari hii, aliyekwisha kuona tundu jipya kwenye mkanda wa suruali ya Mizani, anatamani Mizani anyamaze. Jamani, nani angejua?

"Sista," Mizani anamwambia nesi, "hiyo sabini na mbili ni ya zamani. Toka dada aanze kuumwa, chakula hakipiti. Nipime upya."

"Una wazimu wewe? Nani kakuuliza?"

"Nipime, sista."

Anamlaza dada, anapanda peke yake. Sitini na nne. Kumbe dada ana kilo hamsini na saba.

Daktari anaichukua chupa. "Nikimpa dada kipimo pungufu huenda kisimsaidie, na huyu mwingine atakosa kabisa," anasema. Chupa inakwenda kwa fundi.

Nje, Mizani analia bila kujificha. "Mjomba ameshanipigia simu. Ananiambia damu ni nzito kuliko maji, mimi nimeimwaga. Nimjibu nini? Lakini yule mama wa kandambili, ningepitaje mbele yake? Na dada mwenyewe ndiye kaniharibu. Nilipokuwa mdogo, nikidanganya tu, ananifukuza uani na mwiko: 'Njia ya mwongo fupi!' Na kweli, alinikamata kila mara."

Kesho yake fundi anapumua kwa nafuu, ameomba chai. Dada amewekewa mashine ya kupumulia. Chupa nyingine zimeagizwa, gari halijafika. Daktari hasemi litafika lini, na hata likifika hana uhakika kama bado dawa itafaa kitu.

Ukutani, Mizani amefuta 72 akaandika 64. Amemtaka nesi ampime yeye kwanza kila asubuhi kabla hajambeba mtu. Anasema akipata nguvu atawafuata wakubwa wa hospitali kudai mzani wa kitanda, hata wakimchoka. Kwa sasa hana nguvu hiyo. Amekaa karibu na mashine, anasugua miguu ya dada yake ipate joto.

"Hajui kilichotokea," anasema. "Akiamka nitamwambia mwenyewe. Atanizaba kibao, namjua. Halafu atasema nimefanya vizuri."

Anaendelea kusugua.

"Basi aamke tu, anizabe."