Mayai Mia Tatu kwa Macho ya Rubani

Jambo zima lilitugharimu mbuzi watatu, baiskeli moja, mayai mia tatu ya kuchemsha, ndoo elfu moja mia moja na sitini za maji na kuni za wiki mbili. Nimehesabu mara mbili. Kuna pia kitu kingine ambacho hadi leo sijakipatia kipimo, nacho nakiacha kwanza, maana hata sokoni mtu huanza na vile vyenye bei.

Mwaka huo nyumba yetu ya Mikumi ilinuka mayai. Mama aliyachemsha alfajiri kwenye sufuria lililokwisha kuwa jeusi ndani na nje, na harufu yake ikashika kwenye chandarua, kwenye madaftari, hata kwenye sare zetu za shule. Barabarani ilichanganyika na moshi wa malori yanayopandisha kwenda Iringa na vumbi la mabasi yanayosimama dakika tatu, dereva akipiga honi dakika mbili kati ya hizo. Mama alibeba beseni, mimi nilibeba chumvi na pilipili vilivyofungwa kwenye vipande vya karatasi, na kazi yangu nyingine ilikuwa kuhesabu: yaliyotoka nyumbani, yaliyouzwa, yaliyorudi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Sikujua kuimba, sikujua kusuka, lakini beseni halikuwahi kunidanganya.

Baba alikuwa kibarua kwenye kiwanja kidogo cha ndege kule hifadhini. Alifyeka nyasi ili ndege za watalii zitue, na kabla ya kufyeka aliwafukuza swala, ambao nao waliona nyasi zile ni zao. Siku moja rubani aliyekuwa akisubiri abiria wake alimpa baba soda na mazungumzo. Baba akarudi na vyote viwili: soda nusu chupa kwa ajili ya mama, mazungumzo kwa ajili yetu. Alisema mshahara wa rubani wa mwezi mmoja, yeye angeufyekea nyasi miaka. "Nikamuuliza, kwani inatakiwa nini? Akaniambia Hisabati, Fizikia, Kiingereza na macho." Neno la mwisho alilisema akigusa shavu chini ya jicho, kisha akamtazama kaka yangu Elia, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia kidato cha nne, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Hatukujua watu wengi wenye mishahara minene. Tuliwajua wawili: mwenye kituo cha mafuta, ambaye hakuna aliyejua alianzaje, na huyu rubani, ambaye sasa tulijua njia yake hatua kwa hatua. Tukachagua njia inayojulikana.

Kuanzia wiki ile Elia akaitwa rubani. Maini yakipatikana, ya Elia. Karoti, za Elia, kwa kuwa jirani alisema zinaongeza macho. Mbuzi wa kwanza akauzwa kulipia masomo ya ziada ya jioni, wa pili akafuata kabla ya Pasaka. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kila mbuzi alipotoka zizini alisema, "Huyo anaenda shule." Mimi nilikuwa nikikaa pale nikijiuliza mbuzi wangu ni yupi. Zizini walikuwa watatu tu.

Ndipo mayai yakaanza kupungua. Mawili, kila siku ya shule. Mama alisema labda nimekosea, nikahesabu tena mbele yake, akasema labda yamepasuka. Yai lililopasuka huacha maganda, nikajisemea, na haya hayaachi kitu. Asubuhi ya tatu nilijilaza macho yakiwa nusu wazi, nikamwona Elia akiyatia mayai kwenye soksi na soksi kwenye begi. Nilimfuata hadi kwenye mti wa mkungu, kona ya shule ya msingi.

"Unakula mwenyewe au unauza?" nikamuuliza.

Hakukasirika. Alichuchumaa, akaniomba nisimame pale pale, kisha akaniuliza lile basi linalokuja limeandikwa nini mbele. Liliandikwa kwa herufi kubwa kama mlango. Alikuwa haoni hata rangi yake vizuri. Ubaoni, akasema, anaona chaki kama ukungu, mwalimu ameketisha warefu nyuma, na akiomba kuhamia mbele mwalimu atauliza kwa nini, na akiuliza kwa nini baba atajua. Hivyo kila siku anampa mwenzake wa dawati, Shabani, mayai mawili, naye Shabani anamnong'oneza yaliyo ubaoni.

"Debora, ukimwambia baba, mbuzi wamekwenda bure."

Mtoto mwingine angelia au angekimbilia kwa mama. Mimi niliuliza, "Utanipa nini?" Zamu yangu ya maji ilikuwa ndoo nne kwa siku kutoka bombani, na kichwa changu kilikuwa kimeanza kuota upara mdogo pale inapokaa kata ya kubebea ndoo. Tukakubaliana: yeye abebe ndoo zangu, mimi ninyamaze. Tena, kwa kuwa nilijua biashara hugeuka, nikaongeza sharti: naye asiseme kamwe kwamba nilijua. Mlango ufungwe pande zote mbili. Tukapeana mikono kama watu wazima, na begi lake likinuka mayai.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi tulikuwa wawili tukiyaficha, na yalijificha vizuri.

Likizo ya Juni baba aliuza baiskeli, akatupeleka Kilosa kwa baba mdogo, mwalimu mstaafu, ili Elia afundishwe Hisabati asubuhi na jioni. Mimi nilitumwa kupika. Pale Kilosa hewa ya asubuhi inashuka kutoka milimani ikiwa na harufu ya majani mabichi na moshi wa kuni, na nilianza kufikiri pengine mambo yatakwenda sawa, maana mezani, daftari likiwa karibu na pua, Elia alikuwa mwepesi kuliko mwalimu wake. Wiki ya pili wakaja wataalamu wa macho wa serikali, wakaweka meza zao kwenye ukumbi wa kanisa. Walipima bure, na aliyekutwa na shida alipata miwani kwa bei ambayo mimi niliigeuza papo hapo kuwa mayai: trei mbili. Wazee walipanga foleni kutafuta miwani. Baba mdogo alimpanga Elia kwenye foleni ile ile kwa sababu nyingine kabisa: alitaka aandikiwe karatasi kwamba macho yake ni ya rubani.

Elia alinivuta nyuma ya ukumbi. "Nikishindwa mbele ya baba mdogo, habari inafika Mikumi kabla yangu. Miwani na urubani wapi na wapi?" Hivyo ndivyo tulivyoamini sote, kuanzia baba hadi yule jirani wa karoti: rubani ni mtu mwenye macho yake mwenyewe, na miwani ni barua ya kufukuzwa kazi kabla hujaajiriwa.

Nikamwambia, "Kuni za wiki mbili juu ya ndoo." Akakubali bila kuomba punguzo, na hapo ningepaswa kujua kwamba bei ilikuwa kubwa mno. Nikajipenyeza mbele na watoto wengine, nikapimwa. Ukutani palikuwa na karatasi yenye alama kama uma wa meno matatu, kubwa juu, ndogo chini, na ulitakiwa kuonyesha kwa mkono meno yanatazama wapi. Nilishika mistari miwili ya chini, nikaenda kumfundisha Elia kama anayefundisha sala: kulia, chini, juu, kushoto, kushoto, juu. Alirudia mpaka ikatoka bila kufikiri. Zamu yake ilipofika alisimama wima, akasikiliza fimbo ya nesi ikigonga karatasi, na kila ilipogonga akapeleka mkono. Hakukosea hata mara moja.

"Kijana, haya ni macho ya tai!" nesi akasema.

"Andika hivyo hivyo, mama," baba mdogo akamwambia, na nesi, akicheka, akaandika. Mbele yetu mzee mmoja alikuwa akijaribu miwani yake mipya, akisoma kwa sauti tangazo la mnada lililobandikwa mlangoni, neno kwa neno, kama mtu aliyerudishiwa kitu. Elia alimtazama muda mrefu. Halafu tukaenda kutafuta kuni.

Mtihani ulipokuja, karatasi ya maswali aliisoma bila shida, maana ilikuwa chini ya pua yake. Shida ni kwamba waliouliza maswali walidhani ameona ubao. Shabani alikuwa mnong'onezaji mwaminifu, lakini alama ya kutoa aliiona ni kitu kidogo, akawa anairuka, na mchoro wa Fizikia haunong'onezeki. Matokeo yalibandikwa juu kwenye ubao wa shule. Watu walisukumana, Elia alisimama nyuma yangu, akashika bega langu. "Nisomee," akasema. Nikasoma. Historia B. Kiswahili B. Hisabati F. Fizikia F. Akaniomba nisome tena. Nilisoma mara mbili, na hiyo ndiyo hesabu pekee maishani niliyotamani iwe na kosa.

Baba aliuliza swali moja tu. "Kwa hiyo utarusha Historia?" Kisha akaenda kusimama zizini, ambako hata mbuzi wa tatu, aliyeuzwa kulipia ada ya mtihani, hakuwepo tena. Tangu siku hiyo neno lake kwa Elia likawa moja: mvivu. Amepewa maini, amepewa mwalimu, ana macho ya tai yaliyoandikwa na serikali, akashindwa kusoma. Elia alisikia akainama. Asubuhi yake nikakuta ndoo zangu nne zimejaa. Mkataba wetu haukuwa na kipengele cha kufeli.

Sasa nina duka la jumla la mayai pale Dumila, na nyumba mbili za wageni za Mikumi zinachukua kwangu. Mayai yamenisomesha hadi hapo, sijalalamika. Elia analima mpunga Tindiga. Alinunua miwani akiwa na miaka thelathini na mmoja, kwa pesa ya gunia moja, na jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba kumbe milima ile ya Kilosa ina njia na watu wanapita. Miezi miwili iliyopita nilipeleka trei kule hifadhini, ndege ndogo ikatua, akashuka rubani mwenye miwani minene, imefungwa kamba shingoni. Nikaweka trei chini. Nikamsalimia, nikamuuliza kama wanamruhusu. Akacheka. "Dada, wanachotaka ni uone. Unaonea nini, hilo wanaliandika tu kwenye leseni." Nilimuuliza mara ya pili, kama kawaida yangu. Jibu halikubadilika.

Nimepiga hesabu nikiwa njiani kurudi. Mayai aliyokula Shabani ni trei kumi. Miwani ilikuwa trei mbili. Tulilipa mara tano ili tusiinunue. Siku hizi watoto wa Elia wanaweza kuuliza kwenye simu kazi gani inalipa na inataka nini, wakajibiwa kabla chai haijapoa. Sisi tulikuwa na soda nusu chupa na neno moja lililosikika bila maelezo yake. Lakini simu isingenisaidia mimi. Mimi nilijua haoni. Nililijua kwa bei.

Baba ni mzee sasa, na karatasi ya nesi bado iko ndani ya Biblia yake. Bado anamwita Elia mvivu, mbele ya wajukuu, na Elia bado anainama, kwa sababu tulipeana mikono chini ya mkungu na yeye hajawahi kuvunja mkataba. Ndoo naweza kuzirudisha. Nimekwisha kumchimbia kisima, akashangaa kwa nini. Kile kisicho na kipimo, miaka yote aliyoinama bila kunitaja, ndicho sijui kukilipa. Wewe unayesoma, kama umewahi kulipa deni ambalo mdai wake hajawahi kudai, nishauri, na usinionee huruma kwenye bei: nianze kwa Elia, nimwambie kuhusu miwani ya rubani, au nianze kwa baba, nimwombe anipe ile karatasi?