Mti wa dukani kwetu unadai shikamoo

Jamani, leo mwanangu kauamkia mti!

Nawaandikia haraka kwenye kompyuta ya maktaba.

Ni ule mwaloni mkubwa wa Etobicoke, mtaa wa huku ughaibuni ninakofanya kazi. Walipojenga maduka waliubakiza katikati, wakauwekea paa la kioo.

Neema wangu hata wageni hawaamkii, na hunijibu Kiingereza tu. Leo kasimama mwenyewe mbele ya mti.

"Shikamoo, bibi."

Nikacheka. "Unamwamkia nani?"

"Bibi. Anauliza mbona wewe unampita kila siku kimya."

Kiswahili safi!

Majani yakaanza kutikisika. Mle ndani hamna upepo.

Nikapiga goti, wazungu wakinitazama. "Shikamoo."

Neema akanivuta mkono. "Mama, anasema hajasikia."

Kesho nafungua duka peke yangu. Nani atanisindikiza?