Siku Tangi Letu Lilipozinduliwa

Mwaka ule wa ukame shule yetu ilikuwa na kila kitu isipokuwa maji. Tulikuwa na kengele, bendera, picha ya Yesu akiwabariki watoto, na bango kubwa la hatua za kunawa mikono. Watoto wangu walizijua hatua zote. Kila asubuhi walisimama mstarini, wakanyoosha mikono, wakasugua viganja, wakasugua katikati ya vidole, wakasuuza, wakakung'uta. Yote hayo hewani. Afisa mmoja aliyekuja kutukagua aliwatazama mpaka mwisho, akatupa alama nzuri, kisha akaniuliza kwa upole kama angeweza kupata maji anawe. Nikampa tishu.

Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu mkuu. Nilikuwa pia mwalimu wa gredi ya tatu na ya nne, na mpishi wetu alipougua nilikuwa mpishi. Kanisa lilinitoa Meru likanipeleka huko nje ya Kulamawe, kwenye vyumba vinne vya mabati, na kuniambia kwamba ni shamba la Bwana. Wazazi karibu wote walikuwa wafugaji Waislamu. Hawakutuletea watoto kwa sababu ya Yesu. Walituletea kwa sababu walimu wetu walikuwa wanafika kazini. Nililijua hilo tangu wiki ya kwanza, lakini katika ripoti zangu kwa kanisa niliandika kwamba jamii imetupokea kwa furaha. Nami nilikuwa nataka kusifiwa.

Mvua ilipokosekana kwa msimu wa tatu, watoto walianza kusinzia darasani kabla ya saa nne. Maharagwe hayakupikika kwa sababu hapakuwa na maji ya kuyapikia. Nikaiandikia bodi ya shule nikaomba maji. Sikuomba kitu kingine. Barua ilipita kwa mwenyekiti wa bodi, mzee wa kanisa mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Isiolo, ikaenda kwa askofu, ikavuka bahari mpaka kwa kanisa rafiki, ikatafsiriwa, ikaombewa. Baada ya miezi mitano lori lilifika. Lilikuwa limebeba tangi la plastiki la lita elfu kumi, jeusi, jipya, zuri sana.

Nikampigia mwenyekiti simu. "Mzee, tangi limefika. Maji yako wapi?"

"Madam," akasema, "wewe umepewa sahani, unauliza chakula?"

"Ndiyo, nauliza."

"Tangi ni la kukinga mvua."

"Mvua gani?"

"Itakayokuja. Imani yako imepungua, Madam."

Nikamkumbusha kwamba hata mvua ikija, paa letu halina gata, kwa hiyo maji yatamwagika chini kama yalivyomwagika miaka yote. Akaniambia gata ni awamu ya pili. Kisha akamtuma fundi kuchora kwenye tangi, kwa rangi nyeupe, maneno MAJI YA UZIMA, na chini yake msalaba.

Tangi lilikaa pale wiki tatu likiwa tupu. Likapigwa na jua mpaka usingeweza kuligusa. Mjukuu wa mwanamke mmoja mzee alikuwa mwanafunzi wangu wa gredi ya nne, na huyo mwanamke alizoea kupita na ngamia wake kando ya ua wetu wa miiba. Sote tulimwita akko, maana yake nyanya kwa Kiborana. Siku moja akasimama akaliangalia tangi kwa muda mrefu.

"Salaam aleikum, mwalimu. Hii nyumba nyeusi ni ya nani?"

"Aleikum salaam, akko. Si nyumba, ni tangi la maji."

"Iko na maji?"

"Bado."

"Basi ni nyumba," akasema, akaendelea na safari yake.

Halafu tukaambiwa wageni kutoka ng'ambo wanakuja kulizindua. Mwenyekiti alifika siku mbili kabla akiwa na utepe mwekundu, zulia, na mfereji mpya wa kupachikwa kwenye tangi, aliouchukua dukani kwake mwenyewe. Akatupanga. Kwaya hapa, askofu pale, wazazi nyuma ili wasiingie kwenye picha na kondoo wao. Akaagiza boza la maji, lile lori la tangi, kutoka mjini, si la kujaza tangi, ila la kutia maji kidogo ya kufika magotini, maana, alivyoniambia, wageni hawawezi kufungua mfereji ukatoka upepo.

"Na hayo maji tutayatumia?" nikauliza.

"Baada ya picha, Madam. Mtoto asikunywe kabla ya picha. Wageni wanataka kuona vile wanakunywa mara ya kwanza."

Ninaaibika kusema kwamba nilikubali. Niliwaambia watoto sabini na wanane, ambao midomo yao ilikuwa imepasuka, kwamba maji yapo ndani ya tangi, na kwamba wasiyaguse mpaka mzungu aseme amina. Walinitii. Watoto wale walikuwa na adabu kuliko bodi nzima.

Wageni walikuja kwa magari mawili makubwa, wakashuka kila mmoja na chupa yake ya maji mkononi. Walikuwa watu wema kweli. Mama mmoja wa makamo alilia mara tu alipoona madarasa, na sisi tulikuwa tumetoka kuyapaka rangi. Aliinama kwa mjukuu wa akko akamuuliza kwa Kiingereza angependa kuwa nani akiwa mkubwa. Mwenyekiti ndiye aliyekuwa mkalimani.

"Dereva wa boza," msichana akajibu bila kusita. Asubuhi ile alikuwa ameona jinsi mwenyekiti, walimu, na hata askofu walivyomkimbilia mtu huyo barabarani na kumsalimu kwa mikono miwili. Hakuwa amewahi kuona mtu mwenye heshima zaidi.

Mwenyekiti akamgeukia mgeni akasema, "Daktari." Mama yule akalia tena.

Askofu akahubiri. Alichagua habari ya mwanamke Msamaria kisimani, akaenda nayo polepole, na kila alipotaja kisima nilisikia watoto nyuma yangu wakimeza mate. Jua lilikuwa utosini. Nje ya ua, akko alikuwa amesimama na ngamia wake kumi na mmoja. Wote walikuwa wameinua shingo, wametulia, wakilitazama tangi kama waumini wa kweli. Nafikiri wao pekee ndio waliokuwa wakisikiliza.

Kisha kiongozi wa wageni, bwana mrefu mwenye kofia ya jua, akakata utepe. Kwaya ikaanza. Akashika mfereji akauzungusha. Haukufunguka. Akauzungusha kwa nguvu kidogo, kama mtu yeyote angefanya, na mfereji ule mpya kutoka duka la mwenyekiti ukamtoka mkononi mzima mzima.

Maji yakaruka. Yalimpiga askofu magotini, yakamtelezesha mwenyekiti akaanguka juu ya zulia, yakaanza kukimbia mteremkoni kuelekea langoni. Kwa muda mfupi hakuna aliyesogea. Mwenyekiti, akiwa chini, alipaza sauti: "Watoto wasisogee! Picha kwanza!"

Sijui niseme nini kuhusu kilichonipata. Nilikuwa nimemtii mtu yule miaka minne. Nilipandisha sketi yangu ya kitenge nikapiga kelele ambayo sijawahi kuipiga tena. "Kunyweni! Chukueni kitu chochote! Kimbieni!"

Wakakimbia. Walikinga kwa sahani, kwa sufuria, kwa viatu. Mwalimu wa gredi ya kwanza alivunja kabati la ofisi akatoa vikombe vya ushindi wa riadha, na kwa mara ya kwanza vikombe vile vikafanya kazi ya vikombe. Kwaya ikapindua ngoma zake. Mpishi wetu, mwanamke mnene ambaye sikuwahi kumwona akiharakisha jambo, alikaa chini mbele ya tundu la tangi na beseni mapajani, akilijaza na kulipitisha nyuma bila kugeuka.

Na ngamia nao hawakungoja mwaliko. Waliupita ua wa miiba kana kwamba haukuwepo. Akko aliwakimbilia akiita na kurusha fimbo, lakini nani anaweza kumrudisha ngamia aliyesikia harufu ya maji? Waliinamisha shingo kwenye dimbwi lililokuwa limeanza kujaa langoni, wakanywa bega kwa bega na watoto wa gredi ya kwanza, na hakuna aliyemsukuma mwenzake. Mgeni mmoja kijana hakuacha kupiga picha hata mara moja.

Yote yaliisha haraka. Tangi likabaki tupu, ardhi ikafyonza kilichobaki. Askofu alikuwa akikamua joho lake, na watoto wawili walikuwa wakimfuata kwa kikombe. Wageni walituombea, wakaondoka kabla ya chakula. Waliacha chupa zao zenye maji nusu nusu juu ya meza ya heshima, na hizo zilikwisha kabla vumbi la magari halijatulia.

Mwenyekiti aliniambia nimelitia kanisa aibu. Nilimrudishia mfereji wake.

Miezi miwili baadaye tulitumiwa jarida la kanisa lile rafiki. Ukurasa wa mbele ulikuwa na picha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mjukuu wa akko akinywa kutoka dimbwini, uso wake umekaribiana na pua ya ngamia, na chini yake paliandikwa kwamba hivyo ndivyo watoto hawa walivyokunywa maji kabla ya mradi. Ya pili ilikuwa ya utepe mwekundu. Hivyo ndivyo walivyo sasa. Niliisoma mara tatu. Nilipoandika tena kuomba maji, nilijibiwa kwa upendo mwingi kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu zao shule yetu tayari inayo.

Lakini sijasema aliyetusaidia. Siku ya tatu baada ya uzinduzi, akko alikuja langoni na punda wawili waliobeba mitungi minane ya maji kutoka kisima cha mashine, mwendo wa nusu siku.

"Akko, hii ni ya nini?" nikamuuliza.

"Ngamia yangu ilikunywa maji ya watoto," akasema. "Mimi si mwizi."

Nilimweleza kwamba maji yale yangepotea tu. Hakunisikiliza. Alishusha mitungi, akahesabu watoto kwa kidole, akaona haitoshi. Wiki iliyofuata alikuja na wanawake wengine watatu, kila mmoja na punda wake. Walikuja kila wiki, kwa zamu zao wenyewe, na wakati mwingine walileta maziwa kidogo, ingawa ngamia wenyewe walikuwa wamebaki mifupa. Siku ya kwanza maharagwe yalipochemka, watoto walikwenda kusimama nje ya jiko wakisikiliza sufuria.

Habari zilimfikia mwenyekiti. Akaja mbio. Alitaka akko asimame kanisani mjini Jumapili, atoe ushuhuda jinsi moyo wake ulivyoguswa siku ya Maji ya Uzima. Nilimtafsiria akko Kiswahili hicho cha kanisani kwa Kiborana, kadiri nilivyoweza bila kucheka. Alimwangalia mwenyekiti kuanzia viatu mpaka kofia.

"Huyu ndiye mwenye mfereji?" akaniuliza kwa Kiborana.

"Ndiye."

"Mwambie aguswe yeye kwanza."

Nilitafsiri neno kwa neno.

Ukame ulipozidi, akko na watu wake waliamua kuhama na mifugo kuelekea Sericho, ambako ilisemekana kuna majani kidogo. Alinijia usiku wa kuamkia safari? La, ilikuwa asubuhi, tulikuwa tunapandisha bendera. Alimshika mjukuu wake mkono akamweka mbele yangu.

"Huyu asome," akasema. "Kaa na yeye kwa nyumba yako. Lakini usimgeuze. Nimekupa akiwa Muislamu, nitamchukua akiwa Muislamu."

Na hapa nikiri jambo. Jambo la kwanza lililonijia kichwani, kabla ya huruma, kabla ya shukrani, lilikuwa jinsi ambavyo ningeliandika katika ripoti: mtoto wa wafugaji akabidhiwa kwa kanisa. Nilikuwa tayari nimeshapanga sentensi. Miaka ya kumcheka mwenyekiti haikuwa imenisafisha hata kidogo. Akko alikuwa ananitazama, na nafikiri aliiona ile sentensi ikipita usoni kwangu, kwa sababu hakuuachia mkono wa mtoto.

"Mwalimu," akarudia. "Umesikia?"

"Nimesikia, akko. Hatageuzwa."

Ndipo akamwachia.

Msichana alikaa nami miezi minane. Alinifundisha kutayarisha chai isiyo na majivu, akanisahihisha Kiborana changu, akaswali kwenye mkeka kando ya kabati langu la nyimbo za injili huku mimi nikisahihisha madaftari. Sikumwandika katika ripoti yoyote. Watu wengine wataona hilo ni jambo dogo, nami kwa kazi niliyokuwa nayo naliona kubwa.

Mvua ilinyesha mwishowe, alasiri moja, wakati wa somo la hesabu. Ilipiga mabati hata sikuweza kusikia sauti yangu, ikateremka paani pande zote, ikamwagika chini yote, kama nilivyomwambia mwenyekiti. Watoto walitoka nje na mitungi bila kuniomba ruhusa.

Akko alirudi baada ya wiki kadhaa akiwa na ngamia wanne. Sikumuuliza wale saba wamekwenda wapi. Alimkagua mjukuu wake meno, nywele na madaftari, kwa mpangilio huo, akamwambia asome sala yake kwa sauti. Msichana akaisoma yote. Akko akaitikia kwa kichwa, akakaa kwenye benchi la wageni, akaniomba chai.