Majibu ya Kisima cha Mama

Hasira bado ninazo, na sina haraka ya kuziacha. Wenzangu wa jumuiya wananiambia nisamehe, kaka ni kaka. Sawa. Wao hawakuwepo Madaba.

Baba alipofariki, kikao cha ukoo kilimkabidhi kaka yangu mkubwa usimamizi wa shamba letu la Madaba, kama ilivyo kawaida yetu, na mama akabaki humo humo akilima. Kaka hakuwahi kushika jembe pale. Akaanza maneno: mama amezeeka, kisima kinamletea homa ya matumbo kila masika, udongo umechoka, heri tumhamishie kwake Lizaboni, mjini, awe karibu na hospitali. Mama hakutaka. Alisema atatoka pale siku akibebwa. Mimi nikasimama upande wake, tena kwa kelele. Nikawaambia ndugu zangu, kama maji ni mabaya tuyapime, tuache kupiga domo.

Nikaleta wataalamu wawili, mmoja wa maji, mmoja wa udongo. Mama alikuwa amefagia mpaka njia ya kisimani na kuvaa kitenge chake cha Jumapili. Walipomwamkia shikamoo akaitikia, kisha akampa yule wa maji kikombe, maana kwake mgeni hajafika mpaka anywe maji ya nyumba hiyo. Yule bwana akasema, "Mama, subiri kwanza tuyapime." Nilimwona mama akikirudisha kikombe mezani taratibu. Iliniuma sana.

Wa udongo akazunguka na koleo, akachota kidogo kule juu kwenye mahindi, kidogo katikati, kidogo karibu na bonde, akachanganya vyote kwenye ndoo moja. Mama alikuwa nyuma yake hatua kwa hatua.

"We baba, huo wa juu na huo wa bondeni haujuani kabisa. Unauchanganyaje?"

Akacheka, akamwambia ndivyo maabara wanavyotaka. Mama akanigeukia. "Huyu hajawahi kulima," akasema, wala hakujali kama anasikika. Maji yakatiwa kwenye chupa, chupa kwenye boksi la barafu, na wale mabwana wakarudi mjini.

Majibu yakatoka. Maji safi, hayana vijidudu vya chooni, hayana chumvi. Udongo una rutuba, uchachu wake mdogo, maji hayatuami. Na chini kabisa yule mtaalamu, kwa wema wake mwenyewe, akaongeza kwamba shamba linafaa sana kwa parachichi. Nikapiga picha, nikairusha kwenye grupu la familia: haya, semeni tena. Mdogo wangu akajibu kwa vicheko. Kaka akakaa kimya, nami nikajiona nimemfunga mdomo. Kumbe nilikuwa najipalia makaa.

Kaka hakuwa ameona aibu. Alikuwa anasoma. Siku hizo watu wa parachichi walikuwa wanapita kijiji kwa kijiji wakitafuta ardhi, na swali lao la kwanza lilikuwa maji, la pili udongo. Akawatumia picha ile ile niliyoipiga mimi, kidole gumba changu kikionekana pembeni. Kikao cha ukoo kikaitwa tena. Wakasema shamba lenye sifa kama hizo haliwezi kuachiwa bibi mmoja na matuta yake ya viazi, wapewe watu wa parachichi. Nilibisha, nikalia mbele yao, nikaambiwa mimi nimeolewa, nikasemee mashamba ya huko nilikoolewa. Homa ya matumbo hakuna aliyeitaja tena, wala huo udongo uliochoka. Walikula nyama ya mbuzi wa mama, wakanawa mikono kwa maji ya kisima kile kile, wakaondoka.

Sasa mama yuko Lizaboni, kwenye chumba cha uani kwa kaka. Hagombi na mtu. Bora angegomba. Juzi nilikwenda kumwona, nikamkuta amekaa mlangoni anachambua mchicha wa kununua, yeye ambaye hajawahi kununua mboga maisha yake yote. Nikakaa naye tukachambua. Baadaye akaniuliza, bila kuinua macho:

"Mwanangu, kwa hiyo maji yangekuwa mabaya, wangeniacha?"

"Wangekuacha, mama."

Akaniomba nimsogezee ungo.